BIASHARA YA KOMPYUTA NA SIMU ZA MITUMBA: FAIDA IHESABIWE KWA DOLA



Vijana wengi hapa Jebel wamekuja kutuuliza habari za biashara ya kompyuta na simu zilizotumika. Mzigo hununuliwa Kampala, hupita mpakani Elegu na Nimule, kisha husafiri kilomita 192 za lami hadi Juba, na huuzwa Custom, Konyo Konyo au hapa soko la Jebel. Wateja wapo. Hata hivyo vikundi kadhaa nilivyovijua vimekufa huku vikiuza vizuri.

Mimi mwenyewe nilikuwa katika kikundi kimoja. Tulikuwa watu watano, tukanunua laptopu sita, na zote zikauzwa. Tuliporudi Kampala fedha zilitosha kununua nne tu. Hakuna aliyeiba, ingawa tulitazamana vibaya wiki nzima. Hesabu za biashara nilisoma sekondari kule Kakuma, lakini sikuona kosa mpaka nilipoandika kila kitu kwa dola.

Tazameni mfano huu. Tuseme laptopu imenunuliwa kwa dola 100, na nauli na ushuru ni dola 15. Jumla ni dola 115. Kama siku hiyo dola moja ni pauni 4,000, laptopu imekugharimu pauni 460,000. Unaiuza kwa 520,000 na kufurahia faida ya 60,000. Lakini mteja alikopa, akalipa baada ya mwezi mmoja, na sasa dola imefika pauni 5,000. Zile 520,000 zako ni dola 104. Umepoteza dola 11, na mtaji umeanza kuliwa.

Jambo hili si geni kwetu. Hadi Desemba 2015 serikali ilishikilia bei ya pauni 2.95 kwa dola moja, wakati mitaani dola ilikwisha kupanda zamani. Bei hiyo ilipoachwa huru iliruka mara moja hadi karibu pauni 18.5. Leo tunahesabu kwa maelfu.

Kwa hiyo panga bei kwa kuuliza: nikiuza leo, kesho nitanunua nyingine kwa kiasi gani? Siku hiyo hiyo ya kuuza, badilisha fedha ya mtaji iwe dola, au nunua mzigo mwingine. Faida peke yake ndiyo ibaki kwa pauni kwa matumizi ya nyumbani. Mkopo ni hatari zaidi, hasa kwa wanaongoja mishahara ya serikali, ambayo hukawia miezi. Ukilazimika kukopesha, andikeni deni kwa dola mbele ya shahidi.

Upande wa kununua pia una mitego. Usilipe kabla ya kuwasha mashine. Iache iwake dakika 20 bila waya, uone betri inashuka namna gani; mteja wa Jebel hana umeme wa uhakika, na betri iliyokufa ndiyo itakayomrudisha kwako na kelele. Betri iliyovimba usiichukue hata ukipewa bure, kwa kuwa inaweza kuwaka moto. Zima na kuwasha tena: kama mashine inadai neno la siri kabla Windows haijafunguka, iache hapo hapo. Fahamu pia kwamba muda wa kawaida wa matengenezo ya Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu kuukuu isiyoweza kuchukua Windows 11 bado inafaa kwa kuandika barua, ila inunuliwe kwa bei ndogo, na mteja aambiwe ukweli.

Kwa simu, bonyeza *#06#. Namba ya tarakimu 15 itatokea. Ilingane na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Simu inayodai akaunti ya Google au ya Apple ya mwenye simu wa zamani haitakufaa kitu, na pengine imeibwa. Dai risiti yenye namba hiyo. Mpakani itakusaidia, na polisi wakiuliza pia.

Wanaotaka kufundishwa kuandika daftari la dola na pauni wafike ofisi ya huduma za jamii asubuhi. Kila kikundi kilete daftari moja, kalamu, na mtu anayeshika fedha. Mwenyekiti peke yake hatoshi.