Aibu ya Kula Hotelini Imekwenda Wapi?

Msomaji mpenzi, kama wewe ni mtu wa Mombasa na umri wako umepita miaka hamsini, bila shaka unakumbuka jinsi ilivyokuwa aibu kwa mtu mwenye nyumba yake kuonekana ameketi hotelini akila wali. Kunywa chai haikuwa neno. Kahawa ndiyo kabisa, kwani kahawa hunywewa barazani mbele ya macho ya watu. Lakini wali! Mtu mwenye mke akionekana na sahani ya wali hotelini, kabla ya alasiri habari ilikuwa imekwisha kuzunguka Mji wa Kale, kutoka Kibokoni hadi Kuze, kwamba fulani amegombana na mkewe au kwamba mkewe hajui kupika. Na katika makosa hayo mawili, la pili ndilo lililohesabiwa kuwa kubwa zaidi.

Mimi mwenyewe yalinipata. Nilikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na sita, na siku moja mjomba wangu alinipa pesa za Idi. Nikaenda na wenzangu wawili tukala biriani kama watu wazima, tukaitisha na soda. Jioni baada ya sala ya isha baba aliniita. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Nasikia kwenu siku hizi hakupikwi." Mama alikuwa papo hapo akisikia. Kwa muda wa mwezi mzima baada ya siku ile, kila adhuhuri sahani yangu ilipakuliwa mara mbili ya ile ya ndugu zangu, na mama akisimama juu yangu akisema, "Kula, usije ukatuaibisha tena."

Nadhani wazee wetu walikuwa na sababu zao. Hoteli za kwetu hazikuanzishwa kwa ajili ya mtu mwenye jiko lake. Zilianzishwa kwa ajili ya mgeni. Majahazi yalipokuwa yakija na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, mabaharia walikaa hapa miezi kadhaa wakingojea kusi iwarudishe kwao. Walihitaji mkate, mchuzi, na mahali pa kuketi. Washihiri walikuwa hodari wa kazi hii. Wao ndio waliokuwa na vijiduka na mikahawa midogo ya kahawa na mkate wa mofa. Kisha bandari ya Kilindini ikapanuka, wakaja wafanyakazi wengi walioacha wake zao mashambani na bara. Hao nao walikula wapi? Kwa hivyo hoteli ilikuwa jiko la asiye na jiko, na mwenye jiko akienda huko alionekana kama aliyekwenda kuomba.

Leo nenda Mombasa siku ya Ijumaa baada ya sala. Utakuta baba, mama, watoto sita na nyanya yao wamezunguka meza moja, na mtoto mdogo amewekwa juu ya meza yenyewe kando ya jagi la maji. Hakuna anayeshangaa. Wengine hata wageni waliokuja kuposa huwapeleka hotelini, jambo ambalo mimi bado sijalikubali, lakini ndiyo hivyo.

Hata mimi siku hizi ni mtu wa hoteli. Tangu nilipostaafu kazi ya bandarini nina muda wa kutosha wa kuchagua, na nimekuwa mchaguzi kweli kweli. Ukitaka mishkaki na kuku wa kuchoma kwa mkate wa moto, nimekwenda mara nyingi Tarboush, katika Barabara ya Makadara, nikaketi nje jioni moshi ukinipiga usoni, nisilalamike. Katika Mji wa Kale, Recoda ni jina ambalo wazee wetu walilijua na wajukuu wetu wanalijua. Huko ndiko nilikojifunza kwamba maharagwe ya nazi yanaweza kumtosha mtu bila ya nyama. Kwa mambo ya Kiswahili hasa, kama samaki wa kupaka na wali wa nazi, au mahamri na mbaazi za asubuhi, rafiki zangu wengi humtaja Island Dishes wa Kibokoni, nami sina ugomvi nao. Na jua likishuka, hakuna hoteli inayoweza kushindana na Mama Ngina, pale baharini watu wanapopaita Lighthouse, ambapo pametengenezwa upya mwaka wa 2019. Muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu, dafu moja mkononi, na meli zinaingia mlango wa Kilindini mbele yako.

Mwezi wa Ramadhani ni habari nyingine. Mchana milango ya hoteli nyingi za Mji wa Kale hufungwa, na mpishi hulala. Kuanzia alasiri ndipo meza hutolewa nje, zikajaa sambusa, viazi vya karai, kaimati na mkate wa sinia, na watu hupanga foleni ya kununua kwa ajili ya futari ya nyumbani. Hapo hata yule anayejivunia jiko lake hutuma mtoto na bakuli.

Huenda msomaji akauliza, mimi naipima hoteli kwa kitu gani? Nitajibu: kwa biriani. Pilau inaweza kusitiriwa, kwani kila kitu kimo katika sufuria moja na harufu ya bizari huficha makosa mengi. Biriani ya kwetu hupikwa mara mbili. Mchuzi peke yake: nyama iliyolazwa katika mtindi, thomu na tangawizi, kisha viazi, nyanya, na vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, vikavunjwa kwa mkono. Wali peke yake: mchele huchemshwa kwa chumvi, ukamwagwa maji, ukanyunyiziwa zafarani na samli, kisha ukafunikwa na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Vyote viwili hukutana sahanini. Kwa hivyo mpishi hana pa kujificha. Hoteli inayouza biriani kila siku ya Mungu mimi huiogopa. Biriani ni ya Ijumaa na Jumapili. Siku nyingine mtu ale mchuzi wa samaki, ashukuru.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mamangu amepita miaka themanini. Katika mitaa yetu alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa harusini kusimamia masufuria, na watu wakijua kuwa yeye ndiye mpishi walikuwa hawali nyumbani kwao tangu asubuhi. Lakini miaka mitatu iliyopita baridi yabisi iliingia katika vidole vyake. Hawezi kukamata mwiko, hata kumenya kitunguu ni taabu. Dada zangu wawili, mmoja yuko Dubai na mwingine Nairobi, nao wakati walipokuwa nyumbani mama hakuwaruhusu kulikaribia sufuria la biriani. Alikuwa akiwaambia, "Mtaniharibia." Mke wangu hupika vizuri, lakini biriani ya mama haijui, na mimi kazi yangu ilikuwa kula tu.

Ijumaa moja nikamwambia, "Mama, twende tukale nje."

"Nje wapi?"

"Hotelini."

Aliniangalia kama aliyesikia matusi. "Nikatazamwe nikitafuna? Na umri huu?"

Ilinichukua Ijumaa tatu. Nilimwambia kuwa hoteli ninayoikusudia ina upande wa familia wenye mapazia, kwamba wenye nayo ni Waislamu na nyama yao ni ya halali, na kwamba kuna mahali pazuri pa kunawa. Ijumaa ya nne alivaa buibui lake jipya bila kuniambia kitu, akaketi barazani akanisubiri.

Weita alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo Bi Mkubwa," akasema, akafunga pazia. Biriani ikaletwa. Mama akasema bismillahi, akafinyanga tonge dogo, akalitia mdomoni, akanyamaza. Akala la pili. Mimi nilikuwa na hofu kama mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani.

"N'nani alopika?" akauliza.

"Mpishi, mama."

"Najua ni mpishi. Ni mtoto wa nani?"

Nikamwita weita, naye akaenda kumwita mpishi. Akatoka kijana wa Kigiriama, mwenyeji wa upande wa Kaloleni, anajipangusa mikono, na uso wake ukionyesha wazi kuwa anangoja kukaripiwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. N'nani alokufundisha?"

Akamtaja bibi mmoja wa Kuze, ambaye kwa miaka mingi alipika huko nyuma ya hoteli ile na sasa amefariki. Mama akatikisa kichwa taratibu. Walikuwa wamepika pamoja harusi zisizo idadi, na wakigombana kila mara kwa sababu ya nyanya, yule bibi akizitaka chache na mama akizitaka nyingi. "Basi ndiyo maana," mama akasema. "Mkono wake umo." Kisha akamwambia kijana, bila ukali wowote, "Lakini vitunguu vyako hukuvianika. Umevikaanga na maji yake, vimekunywa mafuta. Na mtindi umeutia moto ukiwa mkali, umekatika."

Kijana hakujitetea. Aliuliza vitunguu vianikwe kwa muda gani.

Hapo, msomaji, niliona haya kidogo. Swali hilo lingeulizwa na mmoja wetu miaka arobaini iliyopita, na hakuna aliyeuliza. Tulikula, tukasifu, tukanawa mikono.

Jumanne iliyofuata, siku yake ya mapumziko, mpishi yule alibisha mlangoni petu na kilo mbili za vitunguu na kisu chake mwenyewe. Mama alikuwa amekwisha kuwekewa kiti uani. Alimwonyesha kwa kidole unene wa kukata, akamfanya arudie, akamfanya arudie tena. Mke wangu alichukua daftari la shule la mjukuu wetu akaandika. Mimi nilipewa kazi ya kuvitandaza vitunguu juu ya uteo juani, na hata hiyo sikuifanya sawasawa. "Usivirundike!" mama akapiga kelele kutoka kitini. "Kila kimoja kipate jua lake."

Ijumaa tulirudi hotelini. Sikuhitaji kumbembeleza, yeye ndiye aliyeniambia nisichelewe kutoka msikitini. Sahani ikaletwa, akavitenga vitunguu pembeni kwa kidole, akakivunja kimoja, kikalia.

"Sasa," akasema, akamwita weita aongeze ndimu.