Fremu, Moto na Takaful: Mtaji wa Familia Tuuweke Wapi?

Wakazi wa Jiji la Mbeya hawajausahau mwaka 2006, pale Soko la Mwanjelwa lilipoteketea kwa moto. Wafanyabiashara wengi walihamia eneo la Sido, wakaanza upya kwa kukopa kwa ndugu, kwa majirani na kwenye vikoba. Agosti 2017 soko hilo la Sido nalo likaungua. Baina ya moto wa kwanza na wa pili ilipita takriban miaka 11, muda unaomtosha mtu kulipa deni, kuongeza mzigo dukani na kumpeleka mtoto sekondari, kisha akarudishwa alipoanzia.

Kila linapotokea janga la namna hii, misikiti yetu hufanya lililo katika uwezo wake. Imamu hutangaza baada ya swala ya Ijumaa na kapu hupitishwa safu kwa safu. Sisi tunaohesabu fedha za kapu hilo tunajua kinachokuwamo: noti za elfu moja na elfu mbili zilizotolewa kwa moyo safi na watu ambao nao hawana kitu. Fedha hizo hununua unga, mafuta na sabuni za siku kadhaa. Hazirejeshi duka. Ndiyo maana tumeona tuzungumze na familia zinazotaka kufungua biashara ndogo hapa Mbeya na Iringa juu ya mambo mawili ambayo aghalabu hufikiriwa mwisho, baada ya rangi ya ukuta na jina la duka: mahali pa kufanyia biashara, na kinga ya mali iliyomo.

Tuanze na mahali. Wanahistoria wa Madina, akiwemo Samhudi, wanaeleza kwamba Mtume Muhammad (SAW) alipotaka Waislamu wawe na soko lao, kwanza aliweka hema Baqii az-Zubayr. Ka'ab bin al-Ashraf akaja akazikata kamba za hema hilo. Mtume hakung'ang'ania pale; alihamia sehemu nyingine iliyokuwa pana zaidi, akaifanya kuwa soko lisilotozwa kodi wala kugawiwa watu maalumu. Hata Sayyidna Umar (RA) baadaye alisimamia kanuni kwamba sokoni ni kama msikitini: aliyetangulia kufika mahali ndiye mwenye haki napo mpaka atakapoondoka. Tunajifunza hapo kwamba kuchagua mahali ni kazi ya kutazama, kupima na kuwa tayari kuhama, wala si jambo la kufuata tu fremu ya kwanza iliyo wazi.

Katika mikoa yetu, hatari ya kwanza ya mahali ni barabara yenyewe inayotuletea wateja. Mbeya imejipanga kuifuata barabara kuu iendayo Tunduma: Uyole, Ilomba, Mafiati, Mwanjelwa, Iyunga hadi Mbalizi. Fremu inayotazama lami huko ina kodi kubwa, na mwenye nyumba huomba miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Jengo lililomo ndani ya hifadhi ya zamani huwekwa alama ya X nyekundu, na mwenyewe halipwi fidia. Lililomo katika nyongeza huwekwa X ya kijani, na hulipwa. Upanuzi wa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umewakumbusha watu wengi maana ya herufi hiyo. Mpangaji aghalabu si mwenye jengo, hivyo hata fidia inapotoka, yeye huachiwa rafu zake na kodi aliyokwisha kuilipa. Basi kabla ya kutoa fedha, pimeni kutoka katikati ya barabara, na muwaulize TANROADS au ofisi ya mipango miji. Kuuliza hakugharimu zaidi ya nauli ya daladala.

Iringa ina funzo jingine. Mji wake uko juu kilimani, na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Kwa miaka mingi stendi ilikuwa katikati ya mji, na mama lishe, wauza karanga na wenye maduka ya pembeni waliishi kwa abiria. Stendi kuu ilipohamishiwa Igumbilo, biashara iliyowategemea wasafiri ililazimika kuwafuata huko au kutafuta wateja wengine. Wamachinga nao, katika miji yote ya nchi, waliondolewa pembezoni mwa barabara mwaka 2021 na kupangiwa maeneo maalumu. Swali la kujiuliza ni hili: wateja wangu wananijia mimi, au wanapita tu hapa wakienda kwingine? Fundi cherehani mwenye mkono mzuri pale Kihesa atafuatwa hata akihamia uchochoro wa pili. Muuza chai ya stendi hafuatwi na mtu.

Kisha tazameni ndani na jirani. Nyaya za umeme zilizounganishwa kutoka fremu moja hadi nyingine kwa waya mwembamba. Fundi wa kuchomelea vyuma ukuta wa pili. Anayeuza petroli kwa chupa au mitungi ya gesi mlangoni. Uchochoro ambao gari la zimamoto haliwezi kupita kwa sababu ya meza. Nyanda zetu ni za baridi, na mwezi Juni na Julai watu huwasha jiko la mkaa ndani ya duka la nguo ili wapate joto. Tumeliona hili mara nyingi, na huwa tunastaajabu kwamba watu hao hao husoma dua ya kukinga mali kila asubuhi. Tusisahau pia jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, likiwa na wafanyabiashara ndani. Jengo linalochimbwa au kuongezwa juu, hata kama kodi yake imepunguzwa, si mahali pa kuwekea mtaji wa watoto.

Sasa tuje kwenye bima, ambapo waumini wengi husita. Kusita kwao kuna msingi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah Desemba 1985 liliamua kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye ada maalumu una gharar kubwa inayouharibu mkataba, na kwa hiyo ni haramu. Lakini baraza hilo halikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu isiyosimuliwa vijiweni: lilielekeza kwenye bima ya ushirika iliyojengwa juu ya kutoa kwa hiari na kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Washiriki hutoa michango kwa nia ya tabarru katika mfuko ulio wao; mwendeshaji hulipwa ujira wa kazi yake; fedha za mfuko huwekezwa katika mambo ya halali; anayefikwa na janga lililotajwa katika mkataba hulipwa kutoka humo; na ziada ikibaki hushughulikiwa kwa kanuni zilizokubaliwa, wala haiwi faida ya mwendeshaji kama ilivyo kwa kampuni ya kawaida. Wanaokumbuka hadithi ya watu wa kabila la Ash'ari, waliokuwa wakipungukiwa chakula hukusanya walicho nacho katika nguo moja na kugawana sawasawa, hadi Mtume (SAW) akawasifu kuwa ni katika yeye na yeye ni katika wao, hawataliona jambo hili geni.

Sudan ilianzisha kampuni ya namna hii mwaka 1979. Jirani zetu wa Kenya walipata kampuni ya takaful mwaka 2011, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa kwa sababu ya ukame. Hapa kwetu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na mwaka 2024 Shirika la Bima la Zanzibar lilizindua huduma hiyo. Kwa hiyo yule anayesema hakuna njia ya halali anazungumzia zama zilizopita. Ambaye benki au mwenye jengo anamlazimisha kukata bima ya kawaida, na takaful haijamfikia, amwendee mwanachuoni anayemwamini na amweleze hali yake yote. Hukumu ya mwenye dharura haitolewi gazetini.

Iwe takaful au nyingine, someni karatasi kabla ya kutia saini. Tutaje machache ambayo huwaumiza watu. La kwanza ni kutaja thamani ndogo ili mchango upungue. Mwenye bidhaa za shilingi milioni 10 akiandikisha milioni 5, kisha moto ukala za milioni 4, mikataba mingi humpa milioni 2 tu, kwa hoja kwamba nusu ya mzigo aliubeba mwenyewe. Jingine ni kubadili biashara bila kutoa taarifa: umeandikisha duka la vitabu, ukaongeza mitungi ya gesi. Wizi nao mara nyingi haulipwi pasipokuwa na alama za kuvunja mlango au dirisha, na mafuriko huenda yakahitaji nyongeza yake.

Wengi pia hudhani wamekingwa kumbe sivyo. Tangu mwaka 2022 sheria imetaka majengo ya biashara na masoko ya umma yawe na bima, na mpangaji akisikia hivyo hupumua. Bima ya jengo humlipa mwenye jengo. Magunia yako ya mchele si sehemu ya jengo. Vivyo hivyo bima ya mkopo wa benki kwa kawaida hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Duka likiungua naye yu hai, deni liko palepale.

Hili la kufariki lina uzito kwa kurasa za familia. Mjane mmoja wa jamaa zetu alitujia na mfuko wa rambo uliojaa karatasi za marehemu, hajui ipi ni ya bima, ipi ni ya pango, na nani anamdai nani. Mume na mke wakae pamoja siku mkataba unapoletwa. Nakala ibaki nyumbani, si dukani ambako itaungua pamoja na mali. Risiti za manunuzi zipigwe picha kwa simu kila wiki na kutumwa kwa mtu wa pili, kwani mlipaji atauliza kulikuwa na nini ndani, na majivu hayana hesabu.

Mwisho wa mwaka wa zaka ni wakati mzuri wa kuipitia thamani iliyoandikishwa, kwa kuwa bidhaa zinahesabiwa hata hivyo. Wakala anapokuja, mwombeni leseni yake ya TIRA na mpate stakabadhi ya kila malipo. Janga likitokea, toeni taarifa polisi na kwa mlipaji mara moja, ndani ya siku zilizotajwa katika mkataba. Akikataa kulipa bila sababu iliyo wazi, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa kwa ajili ya malalamiko ya wananchi, na barua ya malalamiko inaweza kuandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, ikiambatana na nakala za karatasi zile zile zilizobaki nyumbani.