Utawa wa Tatu: Ahadi ya maisha yote, ukiwa nyumbani kwako

Huenda umewahi kumwona kanisani baba au mama mwenye msalaba mdogo wa mti shingoni, wenye umbo la herufi T. Alama hiyo inaitwa Tau. Wengi wanaoivaa ni Wafransisko walei, ambao watu wamezoea kuwaita Utawa wa Tatu. Wapo wenye ndoa, wajane na wasio na ndoa. Wakulima, walimu na wenye maduka. Leo tunaeleza namna mtu anavyojiunga, na kwa nini si jambo la kukimbilia.

Kwa nini "wa Tatu"?

Familia ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi ina matawi matatu. La kwanza ni la mapadre na mabruda, wakiwemo Wakapuchini, waliofika Dar es Salaam mwaka 1921. La pili ni la masista wa Mtakatifu Klara, wanaoishi ndani ya monasteri. La tatu ni la watu wanaobaki katika kazi na familia zao. Mwongozo wa kwanza wa maisha yao ulitolewa mwaka 1221. Kanuni wanayoifuata sasa iliidhinishwa na Papa Paulo VI mwaka 1978.

Je, unaacha ndoa au mali?

Hapana. Mlei huyu haweki nadhiri ya useja wala haendi konventini. Msimamizi wao mmojawapo, Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, alikuwa mke na mama wa watoto watatu. Anachoahidi ni kuishi Injili kwa mfano wa Fransisko: kusali, kutubu, kuishi kwa kiasi, kutenda haki, kupatanisha watu na kuwajali maskini.

Hatua ni zipi?

Kwanza ni kipindi cha kufahamiana na undugu, yaani kikundi cha mahali hapo. Kisha unapokelewa rasmi na kuanza malezi, yasiyopungua mwaka mmoja. Mwisho ni kuweka ahadi, ukiwa na umri wa miaka 18 au zaidi na baraza la undugu likikubali. Unaweza kuanza na ahadi ya muda, inayorudiwa kila mwaka, lakini isizidi miaka mitatu kwa jumla. Baada ya hapo ahadi ni ya maisha yote.

Hapo ndipo pa kutafakari. Malezi hayo ni ya pande zote mbili: undugu unakupima, nawe unajipima. Je, utaweza kufika kwenye mikutano hata msimu wa kulima na kuvuna? Mume au mke wako anajua unachokusudia? Mzungumze mapema, maana ahadi isiyojulikana nyumbani huleta ugomvi pale ilipotakiwa kuleta amani. Ukiona haikufai, ni heri kusema wakati wa malezi. Aliyekwisha kuahidi akitaka kutoka, hupeleka ombi lake kwa baraza la undugu.

Kuna gharama?

Kila mwanachama huchangia mfuko wa undugu kadiri ya uwezo wake. Mtu akikuambia ulipe fedha ili uahidi wiki ijayo bila malezi, huo si utaratibu. Kamuulize paroko.

Uanzie wapi?

Lazima uwe Mkatoliki mwenye ushirika na Kanisa. Kama ndoa yako bado haijafungwa kanisani, anza kwa kuonana na paroko. Muulize pia kama parokiani au jirani kuna undugu. Usipokuwepo, jueni kwamba undugu mpya unahitaji angalau watu watano waliokwisha kuweka ahadi ya daima, hivyo mara nyingi mnaanza mkilelewa na undugu wa parokia nyingine.

Na kama moyo wako unavutwa kwingine, Wadominiko na Wakarmeli nao wana matawi ya walei. Nenda kwanza kwenye mikutano yao, ukae, usikilize. Kusikiliza hakukufungi kwa ahadi yoyote.