Karatasi ya ndoa na afya ya nyumba yako

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi mama wa nyumba, leo ukurasa huu hausemi juu ya kofia ya kazi wala vumbi la mgodi. Unasema juu ya karatasi. Mtauliza: karatasi na afya, wapi na wapi? Sikilizeni.

Usiku mmoja mama alifika hospitali, uchungu umemshika tangu jioni. Kwenye biro ya kuingilia walitafuta jina lake katika fishi ya bwana yake. Halikuwamo. Bwana mwenyewe alikuwa chini ya mgodi, posti ya usiku. Miaka sita mbele alikuwa ametoa mali kwa wakwe, watu wakala na kunywa, familia mbili zikafurahi, lakini komini hakufika. Mama alipokelewa na mtoto alizaliwa salama, maana uchungu haungoji karatasi. Shida ilianza asubuhi, ilipotoka fakture.

Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamlazimisha mwenye kuajiri kumtunza mfanyakazi mgonjwa, na pamoja naye bibi au bwana yake, na watoto anaowalisha. Si zawadi ya shefu. Lakini kampuni haiwezi kujua familia yako kwa uso. Wazee wetu waliyajua haya: tangu miaka ya 1920, Union Minière ilipoanza kuweka wafanyakazi na familia zao katika makambi, posho ya bibi na watoto ilifuata majina yaliyoandikwa.

Ndoa ya desturi si bure mbele ya sheria. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa pia 2016, inaitambua. Inaomba tu bibi, bwana na mashahidi wafike mbele ya ofisa wa eta-sivili katika mwezi unaofuata, na wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Tena ni bibi mmoja. Yule wa « biro ya pili » hana nafasi kwenye fishi, hata umpende namna gani.

Mtoto wake ni jambo lingine. Sheria inasema hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Baba aende kumkubali mbele ya eta-sivili, ili jina liandikwe. Kuzaliwa kunatangazwa katika siku 90. Zikipita, njia inapitia tribunali, na huko ni siku nyingi na franka nyingi. Hapa ninaona kosa moja kila mwezi. Hospitali inawapa sertifika ya kuzaliwa, baba anaiweka katika valizi na kusema mambo yamekwisha. Hapana! Sertifika ile ni ya kupeleka komini. Akti ya kuzaliwa inatoka komini, si kwetu.

Sasa kwa akina mama wanaofanya kazi. Zamani bibi aliomba ruhusa ya bwana kabla ya kutia sahihi mkataba. Rekebisho la 2016 liliondoa ruhusa hiyo, sasa bibi na bwana wanapatana. Anayetafuta kazi hawezi kulazimishwa kupimwa mimba. Akizaa ana juma 14 za mapumziko: zisizopita 6 mbele ya kuzaa, zisizopita 8 nyuma, na sehemu mbili kwa tatu za mshahara. Katika muda huo mwenye kuajiri hawezi kuvunja mkataba. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, ana nusu saa mara mbili kwa siku, nayo inalipwa. Mimi kama msaidizi wa munganga ninawaomba mashefu wasimwangalie mama huyu kama mvivu. Maziwa yakikaa matiti yanavimba, homa inaingia, na mtu anakosa kazi siku nyingi kuliko zile nusu saa.

Linabaki neno gumu. Mfanyakazi akifa, ndugu zake wengine wanafika na gari kabla ya matanga kwisha, wanabeba kitanda, friji, hata masufuria. Sheria haiko nao. Watoto ndio warithi wa kwanza. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu wako katika kundi la pili, na mjane ana haki ya kutumia nyumba waliyokaa na bwana yake. Kwa pensheni ya mjane na ya watoto, CNSS inaomba akti ya ndoa na akti za kuzaliwa. Mjane asiye nazo anapanda na kushuka ngazi za biro miezi na miezi, na watoto wanarudi dispansari na njaa. Hao nimewapima mimi mwenyewe kwenye mizani.

Asiyejua pa kuanzia amwone delege wa sendika, au mama wa huduma ya jamii kwenye foyé. Fanyeni kopi mbili za kila akti: moja ikae kwenye biro ya kazi, moja kwa bibi. Ile ya asili ikae nyumbani, mbali na maji ya mvua.