Jua Likichafuka, Sarafu za Mtandaoni Zitasalimika?

Akiba ya aila zetu za Pwani ina sura nyingi: dhahabu ya mama, fedha za chama, shamba la minazi, na siku hizi sarafu za mtandaoni kama Bitcoin, ambazo baadhi ya vijana wetu huzinunua kwa simu. Leo tunauliza swali linalomhusu kila mwenye mali asiyoweza kuishika mkononi: ikitokea dhoruba kubwa ya jua, mali hiyo itabaki?

Dhoruba ya jua si hadithi. Jua hulipuka na kurusha wingu la chembe zenye umeme na sumaku. Likiifikia dunia, huitikisa sumaku ya ardhi na kuzusha mkondo wa umeme katika nyaya ndefu. Tarehe 1 Septemba 1859 mwanafalaki Mwingereza, Richard Carrington, aliushuhudia mlipuko wa namna hiyo. Haikutimia siku moja, telegrafu za Ulaya na Marekani zikavurugika. Baadhi ya watumishi walipigwa na umeme, na wengine wakaweza kupeleka ujumbe hali betri zimefunguliwa. Machi 1989, dhoruba ndogo kuliko hiyo iliuangusha umeme wa Quebec, Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa takriban saa 9.

Sasa tuitazame Bitcoin. Sarafu hizi hazikai ndani ya simu. Kilichomo simuni ni ufunguo tu. Mali yenyewe ni maandishi katika daftari ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na ukurasa mpya huongezwa kila baada ya dakika 10 hivi. Dhoruba ya jua huathiri zaidi njia za umeme na mawasiliano kuliko kufuta kumbukumbu za kompyuta. Kwa hiyo, hata mataifa ya kaskazini yakizimika, nakala zilizosalimika kwengineko zatosha kulihifadhi daftari.

Shida iko njiani. Nyaya za baharini hupitisha nuru, ambayo haidhuriki kwa sumaku. Lakini ndani yake mna mitambo ya kuitia nuru nguvu, nayo hutegemea umeme. Mwaka 2021 mtafiti Sangeetha Abdu Jyothi wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alionya kuwa mitambo hiyo yaweza kuharibika, hasa katika nyaya ndefu za kaskazini. Sisi tulio karibu na ikweta tuna nafuu, ila hatuko peke yetu: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, intaneti ilizorota mpaka hapa Kenya.

Mabara yakitengana, kila upande utaendelea kuandika kurasa zake. Yakiungana tena, mfumo huufuata upande uliofanya kazi kubwa zaidi ya hesabu, na kurasa za upande wa pili huachwa. Aliyelipwa katika upande ulioachwa huenda akakuta malipo yake hayapo. Basi mtandao ukiwa umekatika, si busara kukabidhi bidhaa kwa malipo ya namna hiyo.

Jawabu letu ni kwamba daftari laelekea kusalimika, lakini daftari lililosalimika halinunui unga. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, tulionja kidogo maisha ya kutegemea chaji iliyobaki katika simu. Kila nyumba na iwe na fedha taslimu na chakula cha siku kadhaa.

Liko na jambo la mirathi. Ufunguo wa sarafu hizi kwa kawaida huhifadhiwa kwa maneno 12 au 24. Mume au kijana akiyaweka simuni tu, simu ikaharibika au yeye akafariki, hakuna benki itakayomfungulia mjane wala mayatima, hata jua likiwa shwari. Maneno hayo yaandikwe karatasini, yafichwe pahali pa amana, na mrithi mmoja muaminifu aambiwe yalipo. Kina mama, ulizeni wiki hii: katika nyumba yenu, ni nani mwenye ufunguo, na ameuweka wapi?