Shule za Waliotoka Utumwani (4): Walioomba Watozwe Kodi

Machi 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu ya Marekani, hoja yake kubwa ikiwa kwamba elimu irudi mikononi mwa majimbo. Mjadala haujapoa tangu hapo, na wengi wanaoshiriki huanzia mwaka 1979, wizara hiyo ilipoundwa chini ya Rais Jimmy Carter. Wamechelewa kuanza kwa zaidi ya karne nzima. Bunge la Marekani liliunda Idara ya Elimu ya kwanza mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, likaishusha hadhi muda mfupi baadaye. Wakati huo swali la kama watoto wa waliokuwa watumwa waachiwe majimbo ya Kusini lilikuwa tayari limewaka mashambani.

Wasomaji wa mfululizo huu wanazikumbuka sheria zilizokataza mtumwa kufundishwa kusoma, na jinsi Idara ya Walioachwa Huru ilivyoanzishwa Machi 1865 chini ya Jenerali Oliver Otis Howard. Sitarudia. Leo tukae Louisiana, kwa sababu ya waraka mmoja ambao nimeusimulia kila nilipopata wa kunisikiliza, na ambao bado hautajwi vya kutosha.

Mwaka 1864 jeshi la Kaskazini lilikuwa limekwisha kuteka sehemu ya jimbo hilo. Jenerali Nathaniel Banks aliamuru iundwe bodi ya elimu kwa ajili ya watoto wa walioachwa huru, igharimiwe kwa kodi ya mali. Kufikia mwisho wa mwaka bodi ilikuwa na shule 95. Wenye mashamba waliichukia kodi hiyo, na vita vilipokwisha amri ya kijeshi ikaisimamisha. Wazazi waliingiwa na hofu. Wakaandika maombi kwamba kodi iendelee, na wao wenyewe ndio watozwe. John Alvord, mkaguzi wa shule wa Idara ya Walioachwa Huru, aliliona ombi moja lililotoka mashamba ya ng'ambo ya mto: karatasi zilizounganishwa hadi kufikia urefu wa futi 30, kwa niaba ya watu elfu kumi. Wengi waliotia saini hawakujua kuandika majina yao, wakachora alama ya X. Miaka michache nyuma, watu hao hao walikuwa wakihesabiwa katika mali ambayo bwana alitozwa kodi. Sasa, wakiwa hawana ardhi wala akiba, waliahidi kulipa kutoka katika umaskini wao ili mtoto ajue kusoma.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu habari hizi husimuliwa kama zawadi: walimu wa kizungu walishuka kutoka Kaskazini na masanduku ya vitabu, giza likatoweka. Walikuja kweli, na heshima yao naitoa bila kinyongo. Laura Towne alifika kisiwa cha St. Helena, South Carolina, mwaka 1862, akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 1901. Lakini Alvord mwenyewe, katika taarifa yake ya mwanzo wa 1866, alikadiria kwamba kulikuwa na shule zisizopungua 500 ambazo watu weusi walizianzisha na kuziendesha wenyewe. Mwalimu aliweza kuwa mtu aliyejua kurasa chache tu za kitabu cha tahajia cha Noah Webster. Darasa lilikuwa kanisa, au ghala, au kivuli cha mti. Wakubwa walikuja usiku baada ya kibarua; watoto walitoweka pamba ilipoiva, wakarudi baada ya mavuno. Sheria iliiruhusu Idara kukodi na kukarabati majengo, si kulipa mishahara, kwa hiyo mwalimu mara nyingi alilishwa na kulazwa na familia za wanafunzi. Na yote haya yalifanyika chini ya vitisho: huko Memphis, Mei 1866, shule zao zilichomwa moto ndani ya siku chache tu.

Kazi ya elimu ya Idara ya Walioachwa Huru ilikoma mwaka 1870. Majimbo yakaachiwa. Matunda yake tunayajua kutoka kwa W. E. B. Du Bois, aliyekwenda kufundisha vijijini Tennessee wakati wa likizo za 1886 na 1887, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Fisk. Shule yake ilikuwa kibanda cha magogo kilichokuwa ghala la mahindi. Kiti chake aliazimwa na mama mwenye nyumba, na kila jioni alikirudisha. Hapo miaka 20 ilikuwa imepita tangu vita viishe!

Kisha ikaja michango. Kati ya 1912 na 1932, mpango wa tajiri Julius Rosenwald ulijenga majengo zaidi ya 5,300 ya shule za watu weusi Kusini, na masharti yalidai wanakijiji nao watoe chao. Wakatoa fedha, ardhi na nguvu zao, na kwa jumla mchango wao ulizidi ule wa Rosenwald. Watu hao walikuwa wamekwisha kulipa kodi iliyoneemesha shule za wazungu. Tunaposifu moyo wa kujitolea, tusiigeuze sifa hiyo kuwa msamaha kwa serikali iliyokwepa wajibu wake.

Ndiyo maana mjadala wa leo unanitia wasiwasi. Tangu mwaka 1965 sheria imepeleka fedha za serikali kuu kwenye shule za watoto maskini. Wanaotaka majimbo yasimamie mambo peke yao waeleze nani atahakikisha fedha hizo zinafika Louisiana vijijini.

Juma lijalo tutaanzia kwa Virginia Randolph wa Henrico, Virginia, mwalimu wa kwanza kulipwa na mfuko wa Anna Jeanes, mwaka 1908, azungukie shule za vijijini. Mpango huo ulivuka bahari ukazaa Shule ya Jeanes ya Kabete, Kenya, mwaka 1925, nao ukaja na ubishi wake wa Kusini: mtoto wa mkulima mweusi apewe kitabu kwanza, au jembe.