Kongamano la Mombasa na Wanawake wa Bahari

Sisi tuliolelewa Changamwe, baina ya Chaani na Port Reitz, tulikua tukisikia honi za meli za Kipevu usiku na mchana, na aghalabu kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa bandarini, awe kuli, karani, dereva wa trela au baharia. Lakini mtu huyo, illa kwa nadra, alikuwa mwanamume. Kwa hivyo wasomaji wanaouliza makongamano ya wanawake wa taaluma, yanayofanywa katika miji hii ya ughaibuni, yana manufaa gani zaidi ya hotuba na picha, nitawaeleza asili ya moja lililofanyika kwetu.

Mwezi wa Disemba 2007, wanawake wa sekta ya bahari kutoka nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika walikutana Mombasa, wakaasisi chama chao, WOMESA, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO. Chimbuko lake ni la zamani zaidi: mkutano wa kwanza wa dunia wa wanawake ulifanyika Mexico mwaka 1975, wa tatu Nairobi mwaka 1985, na mwaka 1988 IMO ikaanzisha mpango wa kuwaingiza wanawake katika kazi za bahari. Wenzao wa Amerika ya Kilatini waliasisi mtandao wao huko Chile mwaka 2017, miaka kumi baada ya Mombasa, nami nalitaja hilo kwa fahari.

Haja ya baraza kama hilo aijua kila mtu wa bandarini. Khabari za nafasi melini, za wakala mwaminifu, za mitihani na za ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Bahari cha Malmö, hupita baina ya wanaume waliosafiri pamoja, na binti asiye na ami wala kaka miongoni mwao huzipata muda umekwisha kupita. Wala si kwamba kazi yenyewe imewashinda. Elizabeth Marami, aliyesomea Alexandria, ndiye mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa meli; na kazi ya rubani ni kupanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli inayokwenda, ilhali mashua iliyomleta yapanda na kushuka na mawimbi, kisha amwongoze nahodha mgeni kuingia Kilindini. Nancy Karigithu, aliyeiongoza Mamlaka ya Bahari ya Kenya, aligombea ukatibu mkuu wa IMO mwaka 2023. Kiti kikaenda kwa mgombea wa Panama.

Hata hivyo, kongamano halitoi meli. Mwanafunzi wa uafisa wa sitaha hapati cheti mpaka atimize angalau miezi 12 ya mafunzo baharini, na Kenya haina meli za kuwatosha vijana wake, sembuse wasichana ambao manahodha wengi bado wanasita kuwachukua. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa wanawake hawakufika hata 2 katika kila mabaharia 100 duniani. Basi ndugu zangu mlioajiriwa katika ofisi za meli za Rotterdam, Hamburg na Dubai, ombeni nafasi hizo za mafunzo kwa waajiri wenu, na mkizipata, wapelekeeni khabari WOMESA mapema, kabla hazijagawanywa.